Gari la Rehema Lilivyofungwa Mnyororo

Turffontein, Johannesburg
Shaabani, 2017

Mwantumu mdogo wangu,

Asalaam aleikum, weye na wote mliolala chini ya bati hilo. Ndani ya bahasha kuna kiuzi chekundu nimekikunja. Usikitupe ukadhani ni uchafu. Kitie chini ya mto mpaka umalize kusoma, ndipo utajua ni cha nini.

Vipi goti lako? Bado unalikanda kwa mafuta ya nyonyo, au umeshakubali kumsikiliza daktari? Na kuku wako, wale waliokuwa wanakufa mmoja mmoja, wamebaki wangapi? Mimi mwili haujambo. Baridi ya huku imeanza, inaingilia vidoleni na kupanda, nalala na soksi mbili na mtandio kichwani. Moyo ndio siuahidi. Una hasira tangu mwezi wa Rajabu, na hasira hizo ndizo zilizonishikisha kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mwantumu, simu yako ni redio ya mtaa. Unaifungulia sauti yote, unaiweka juu ya kinu, na kila apitaye anasikiliza na kuchangia. Mwaka jana nilikwambia siri ya tumbo langu, kabla ya Ijumaa nikaletewa pole na mke wa imamu. Haya ninayoandika ni ya macho yako. Shule mimi na weye hatukuingia, baba alisema hana watoto wa kuwapoteza, lakini herufi za Kiarabu tulizochapiwa chuoni kwa bakora hazijatutoka. Nimekaa nazo usiku wa tatu huu. Bwana Athumani wa vipuri anakuja kufunga Ramadhani nyumbani, ndiye mchukuzi. Atakayechungulia begani kwako mpige konzi.

Haya. Nakupa mambo kwa mpangilio nilivyoyajua mimi, usinirukie mbele.

Kwanza kile kitambaa ulichonifumia. Kilifika salama, hata mkunjo wako sikuuvunja kwa muda, nilikuwa nakitazama tu. Tausi wawili wanatazamana, mikia imetandazwa mpaka ukingoni. Nilijua macho yako yamechoka, sikujua mikono haina habari. Nikatafuta pa kukiweka. Televisheni ya mwanangu Rehema ni nyembamba kama sinia lililosimamishwa, kitambaa kinateleza chote. Friji lina cha kwake. Viti vina vyake. Nikazunguka nyumba nzima nimekibeba mikononi kama mtoto wa arubaini. Mwisho nikasema, gari. Kitu cha thamani kuliko vyote mwanangu alivyonavyo ni lile gari, na liko uchi. Jioni moja nikachukua ufunguo, nikakitandika pale mbele chini ya kioo, nikakipiga pini nne kisiteleze kwenye kona. Gari likawa kama bibi harusi. Sikumwambia. Nilitaka akione mwenyewe asubuhi.

Gari lake unalijua kwa picha, lile jeupe dogo. Lakini picha haikuonyeshi kwamba breki na mafuta anavishika kwa mkono, kuna mkono wa chuma wamemfungia pembeni ya usukani. Mguu wake wa kushoto nisikueleze weye, ndiwe uliyembeba mgongoni tulipoambiwa ni polio, akiwa na miaka mitatu, mimi nimekaa chini nalia kama mjinga. Kile chuma cha mguuni bado anakivaa, hiki ni cha sita au cha saba. Kwa ajili hiyo serikali ya huku imempa kadi ya buluu yenye picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Mwenye kadi anaegesha mahali papana, karibu na lifti. Rehema anashona majoho ya mahafali, yale meusi ya wanafunzi wa chuo kikuu, ghorofa ya tatu huko Braamfontein. Chini ya jengo kuna maegesho, na maegesho si ya serikali, ni ya kampuni. Jina lao silitaji, barua hii naishika kwa mikono iliyotawadha.

Siku niliyokuwa nangoja sifa zangu, akarudi usiku, uso umemshuka.

"Mama, wamelifunga gari mnyororo."

"Nani?"

"Kampuni ya paking. Wanasema nimeegesha mahali pa walemavu na kadi haikuonekana."

"Kadi si imo?"

Akainama kuvua kiatu. Nikadhani amechoka.

Walimfungulia ule mnyororo usiku, ni chuma cha njano cha kubana gurudumu, kikubwa kama mtego wa chui, wakampa karatasi. Karatasi ina mambo mawili. La kwanza faini. La pili, mlinzi ameandika kwamba alimwona dereva akitembea kwa miguu yake bila tatizo, kwa hiyo kadi yenyewe huenda si yake, na mpaka jambo liishe gari lisikanyage pale. Bila tatizo! Mtoto niliyemfundisha kutembea mara mbili, akiwa na mwaka na akiwa na minne!

Faini tungelipa tukanuna. Kufungiwa mlango ndiko kulikotuumiza. Mtaani pale hakuna pengine pa kuegesha, na kutoka kwetu mpaka Braamfontein bila gari ni teksi mbili, halafu mlima. Na huu ni msimu wa majoho, bosi wake akamwambia wazi: ukichelewa mpaka mwisho wa mwezi, cherehani yako nampa mwingine. Cherehani ile Rehema ameililia miaka mitano, ya umeme, inayoendeshwa kwa goti la kulia. Wengine wote wanakanyagia mguu wa kushoto. Akiikosa hiyo hana kazi pale, wala kwingine.

Siku ya nne akarudi viganja vimechubuka, baibui limepasuka kwenye goti. Alianguka kwenye taa za barabarani, huku wanaziita roboti. Taa ikabadilika yuko katikati, gongo analochukua kwa safari ndefu likateleza, na wenye magari wakampigia honi. Mtu yuko chini wanampigia honi! Nilimwosha viganja kwa maji ya chumvi, naye anacheka, ananiambia "eish, Mama, si kitu". Wanajifunza kusema eish huku, ndiyo kilio chao na kicheko chao. Mimi sikucheka. Nililala nimeelekea ukuta nikatunga matusi mpaka alfajiri.

Kulipokucha nikavaa, nikamwambia twende pamoja, nataka kumwona huyo mwenye macho.

"Mama, usiende kugombana."

"Siendi kugombana. Naenda kutazamwa. Aniambie na mimi natembeaje."

Yeye akapanda kazini, mimi nikashuka chini kwa magari. Kuna baridi na harufu ya mafuta kama tumbo la meli. Akanijia mwanaume mrefu, sare ya buluu, kofia imemlemea, akaanza Kiingereza chake na kunipungia mikono niondoke. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba aliyemnyonyesha alimwaga maziwa bure. Macho yakamtoka.

"Eh! Mama, unasema Swahili? Unatoka wapi?"

"Natoka nyumbani kwa mwanangu, yule uliyemfungia gari mnyororo."

Kumbe ni Mkongomani, wa Bukavu, wenzake wanamwita Papa Deo. Akaweka mkono kifuani. "Mama, pardon. Miye niko natumika tu. Wananituma, ninafunga."

"Wakikutuma ufunge shingo ya mamako?"

"Mama yangu hana gari."

"Hana gari, ana shingo!"

Akacheka. Nikamwambia afunge mdomo, sikuja kuhesabu meno. "Umeandika mwanangu anatembea bila tatizo. Ulimtazama kwa macho au kwa kisogo?"

"Mama, nilimwona anatoka kwa lifti. Anatembea pole pole, lakini anatembea. Ile nguo yake inafika mpaka chini. Miye nitajua namna gani kama kuna chuma? Nimufunue?"

"Umfunue uone!"

"Sasa unaona," akasema. "Nisipofunua, niko mbaya. Nikifunua, niko mbaya zaidi."

Mwantumu, hilo lilinikera kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli nami sikutaka awe na la kweli hata moja. Nikamwambia kweli yake aichemshe anywe. Akaniletea kiti chake cha plastiki nikae. Nikakikataa, nikasimama saa nzima, miguu ikaniwaka moto, kwa ubishi tu.

Rehema akaandika rufaa kwa kampuni, kwa Kiingereza, kwenye kompyuta ya kazini. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili kabla hajaituma. Ilikuwa mistari mitano. Mimi ni mlemavu, kadi ninayo, siku ile nilisahau kuiweka wazi, naomba mnisamehe.

"Basi?"

"Basi, Mama."

"Nani kasahau? Kadi haitoki kwenye gari lile! Unawaomba msamaha wa nini? Andika kwamba ni waongo. Andika kwamba wamekuangusha barabarani. Andika kwamba mama yako anawajua."

"Hawakujui, Mama."

"Watanijua."

Hakuandika hata moja. Majibu yakaja baada ya wiki: kusahau si sababu, picha wanayo, rufaa imekataliwa, akitaka aende ofisini kwao mara ya mwisho ajieleze kwa mdomo. Na yeye hataki. Mtoto wangu mimi, hataki! Kila nikisema twende anasema "tuache tu, Mama, nitatafuta namna". Namna gani? Ya kuanguka roboti ipi? Siku hiyo nilimtukana kwa maneno ambayo hata kwa herufi hizi siyaandiki. Nikamwambia kwamba baba yake hakuwa mwoga, na mimi si mwoga, sijui huo woga kauokota kwenye teksi gani. Akakaa kitandani ananitazama kama mtu aliyebeba maji ya moto hana pa kuyatua. Nikazidi kumchukia kwa kule kunitazama. Nakwambia ukweli wangu wote, usije ukanisifu.

Na hata kile kitambaa chako, tangu siku ya mnyororo nilikuta amekiondoa garini, amekikunja kabatini. Nilipomuuliza akasema jua litakichujisha. Nikanuna. Nikasema haya, hata kazi ya mikono ya mamdogo wako siku hizi inakutia aibu. Akafunga kabati.

Mwisho nikampa moja kati ya mawili: twende wote, au niende peke yangu. Akaona bora twende wote.

Ofisi yao iko juu, ina zulia na baridi ya mashine, na wao wameizidisha kana kwamba ya nje haitoshi. Alikuwapo meneja mwenye tai nyembamba kama ulimi wa kenge. Alikuwapo binti wa Kizulu kwenye kompyuta, akainuka aliponiona, akanipa mkono kwa heshima na kuniita Gogo, maana yake bibi. Na ukutani amesimama Papa Deo, wamemwita awe shahidi wao.

Wakaanza kwa Kiingereza. Nikasema maneno yangu, Rehema atafsiri. Mwantumu, nilisema kwa pumzi tatu, yeye akatoa maneno mawili na "sir" juu yake. Nikasema tena, nikarefusha, akatoa neno moja. Nikajua mwanangu ananipunguza kama nguo. Nikamgeukia Mkongomani.

"Weye! Ulisema unafanya unayotumwa. Leo nakutuma mimi. Mwambie bwana wako ninavyosema, usipunguze chumvi."

Akamtazama meneja, akanitazama mimi. Akavua kofia. "Sema, mama."

Nikasema. Nikasema tai ile ingemfaa zaidi mbuzi wa sadaka. Nikasema aliyemwandika mwanangu mzima amlete mwanangu mzima, nimemngoja miaka yote hii, nitamfulia na kumpikia. Papa Deo akatafsiri kila kitu, polepole, kwa sauti ya kanisani, na pale penye mbuzi akaonyesha kwa kidole. Yule binti wa Kizulu akainama chini ya meza kuokota kitu kisichoanguka. Rehema amefumba macho.

Meneja akawa mwekundu masikioni. Akasema, na Papa Deo akatafsiri hata haya: kadi hizi watu wanaazimana, yeye atajuaje? Kuna uthibitisho gani kwamba ni mlemavu?

Nikainuka. Nikamuuliza kama yeye mke wake huvuliwa ofisini. Lakini Rehema akanishika mkono, akaniketisha. Akasimama mwenyewe, akaliinua baibui kwa vidole viwili, mpaka gotini, akaonyesha chuma. Kamba zake, misumari yake, ule mguu mwembamba ndani yake kama ufito. Akabaki ameliinua. Hakuna mwanaume asiye wa nyumbani aliyewahi kuuona mguu ule, isipokuwa daktari. Papa Deo aligeuka akatazama ukuta. Meneja ndiye aliyetazama, halafu akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

"Haya," akasema. "Hilo limekwisha. Lakini sheria ni kadi ionekane. Picha hii hapa." Akageuza kile kioo cha kompyuta.

Rehema akasema haraka, "Mama, twende."

Nikaitazama. Mwantumu, nilimwona tausi.

Nilimwona tausi wako wa kushoto, mdomo wake, mkia wake wote, pini zangu mbili zinang'aa kwenye kona. Picha nzima ya kosa la mwanangu ni kitambaa changu. Nilikipiga pini mimi, juu ya kadi. Nilikuwa nimeiona ile kadi jioni ile, nikaona plastiki, nikasema kiplastiki hiki kinaharibu sura ya gari, nikakifunika. Sikujua kazi yake. Miaka mitatu napanda gari lile, nilidhani kazi ya kadi ni kuwamo.

Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi. Wiki zote zile za kuwatukana watu, na mwanangu kiti cha pili ananisikiliza. Nikamtazama. Alikuwa analia, naye alipoonyesha chuma hakulia.

Basi nikafanya la kufanya. Nikasema, "Deo, mwambie. Kitambaa ni changu. Nimekiweka mimi, jioni, bila ya yeye kujua. Afute jina lake aniandike mimi. Saumu binti Mbaruku. Mnyororo anifunge mimi, mguu ninao, mzima, anifunge sasa hivi."

Akatafsiri. Meneja akasema pole, Gogo, lakini haibadilishi kitu, kadi haikuonekana. Hakuna kadi pichani.

Hakuna kadi pichani! Sasa hasira zikanirudi, na safari hii zilirudi na macho. Unajua mimi nimefuma miaka hamsini, nanyi mliponicheka kwamba nahesabu vitundu nikiwa msikitini nilikuwa nahesabu kweli. Nikakisogelea kile kioo mpaka pua ikakigusa. Nikaweka kidole kwenye mkia wa tausi.

"Hapa. Uzi wa mdogo wangu ni mweupe na mwekundu. Tangu lini mkia huu una buluu?"

Yule binti hakungoja ruhusa. Akakuza picha, akakuza tena, mpaka mkia ukajaa kioo chote, na katikati ya vitundu vyako, Mwantumu, ikaonekana buluu, na juu ya buluu duara jeupe la gurudumu, na kichwa cha yule mtu wa kwenye kiti. Binti akapiga kofi. Akasema kitu kwa meneja, akicheka, Deo akanitafsiria: mama yake mzazi anavyo vitambaa hivihivi, hata juu ya ndoo ya maji.

Nikamgeukia Deo. "Na weye uliyepiga picha, hukuiona?"

Akashika kofia yake kwa mikono miwili. Sekunde ile nilimwona ana watoto mahali. "Niliona kitu ya buluu, mama," akasema kwa Kiswahili. Halafu akageuka akasema na kwa Kiingereza, kwa meneja, maneno yaleyale, bila kutumwa na mtu. Meneja akamjibu kwa meno.

Hawakutoa jibu siku ile. Walitwambia tutaandikiwa.

Jirani aliturudisha kwa gari lake. Jirani alipotushusha ndipo nikamkamata Rehema pale mlangoni.

"Ulijua."

"Nilijua, Mama. Nilikiona asubuhi ileile. Nikasema nikifika nitaichomoa kadi niiweke juu yake, kilikuwa kimependeza sikutaka kukitoa. Nikafika nimechelewa, nikasahau. Si uongo nilioandika."

"Na ukaniacha natukana mwezi mzima kama mlevi. Kwa nini hukuniambia?"

Akaegemea mlango. "Ulipovunja ile birika ulifungasha sanduku. Ulipounguza pazia ulifungasha sanduku. Ulikaa siku mbili juu ya sanduku unasema umekuwa mzigo, urudishwe Tanga. Ningekwambia umenifungisha gari, ungekwenda kweli."

"Kwa hiyo ungepoteza cherehani kwa ajili ya kitambaa?"

"Si kwa ajili ya kitambaa, Mama."

Mwantumu, nilimpiga. Kofi la bega, si la uso. Halafu nikamshika hapohapo mlangoni, na chuma chake kikanibonyeza muundi, nikamwambia mjinga weye, mtoto wa mjinga. Nikamwambia siku nikirudi Tanga nitarudi kwa miguu yangu kwa kuikumbuka nyumba yangu, si kwa kukimbia birika. Lile sanduku nimempa mwanamke wa Rosettenville anayeuza mitumba. Nimelitoa tupu, alilipenda.

Siku tisa baadaye ikaja karatasi. Faini imefutwa, gari lirudi. Pole hawakuandika. Nilimwambia Rehema aitafute vizuri, aisome mpaka nyuma, labda pole imeandikwa kwa herufi ndogo. Haimo. Walichoandika ni kwamba kadi ionekane yote, nyakati zote. Mungu awalipe wanachostahili, nami sitamkumbusha ni nini.

Na usidhani tumeshinda vyote. Cherehani ya goti alishapewa msichana mwingine wiki moja kabla. Rehema akarudishwa kwenye ya zamani, ya mguu wa kushoto. Alikaa siku mbili hana la kufanya, anakunja majoho ya wenzake. Siku ya tatu yule msichana mwenyewe akainuka, akasema hawezi kushona mwenzake anamtazama, wakabadilishana bosi akiwa ametoka kula. Bosi aliporudi akawakuta wanashona, akapita zake. Kwa hiyo yuko kwake, lakini ni kwa hisani ya msichana, si kwa haki, na mimi napenda haki. Msichana nimempelekea visheti.

Papa Deo wamemhamisha, yuko lango la duka huko Hillbrow, kusimama usiku. Kosa lake ni mdomo. Nimempelekea visheti na yeye, na soksi. Aliponiona akaniletea kiti. Safari hii nilikaa.

Sasa kile kiuzi. Kitoe chini ya mto. Fundo la kwanza mpaka la pili ni urefu wa kadi, la pili mpaka la tatu ni upana wake. Nimepima mwenyewe, Rehema ameshika ncha. Nifumie kingine, tausi walewale, lakini katikati uache dirisha la kipimo hicho, ulizungushie ukingo mgumu usilegee. Wametaka kadi ionekane yote, itaonekana yote. Na usinambie hili ni kiburi changu, maana si mimi niliyeomba. Ni Rehema. Asubuhi ile gari liliporudi maegeshoni alinipigia simu akiwa bado ndani yake, akaniambia, "Mama, pale mbele pamekuwa peupe, nimekosa pa kutazama."

Nisalimie shemeji yangu mumeo, umwambie aache kusoma magazeti kwa sauti. Nisalimie binti yako mkubwa na huyo mume wake mchovu. Msalimie wifi yetu mjane wa kaka, umpe sehemu ya sabuni alizobeba Bwana Athumani, zisiishie kwako. Na fundi bati aliyenidanganya kuhusu paa langu, mwambie sijambo, naona mpaka huko.

Ukimaliza kusoma, choma. Kiuzi usichome.

Dadako aliyekubeba kabla hujajua kutambaa,
Saumu binti Mbaruku